Kifuniko na Kitako

Kati ya sahani mbili zilizokuwa juu ya meza ya maabara, ni moja tu iliyong'aa kijani chini ya taa.

Katika kila sahani waliishi bakteria waliopewa vipande vilevile vya DNA, vilivyoungwa kwa mpangilio tofauti ili watengeneze kwa wingi protini inayong'aa kijani. Mpangilio mmoja ulikuwa wa Profesa. Wa pili ulikuwa wa mwanafunzi wake, ambaye utafiti wake ungefungwa siku hiyo iwapo angeshindwa.

Profesa alikuwa amezifunua zote mbili kwa pupa. Sasa alichukua kifuniko chenye jina lake, akaifunika ile iliyong'aa, akakibonyeza kwa kidole gumba.

“Umeona, binti yangu? Huo ndio mkono wa mzoefu.”

“Hongera, Profesa. Lakini si ulitufundisha kwamba vifuniko hubadilishana, kwa hiyo tuandike majina kwenye kitako?”

“Naam. Na aliyekaidi nilimfukuza.”

“Basi mimi sikukaidi. Niliziandika zote mbili. Tuigeuze hiyo?”

“Itamwagika,” alisema Profesa, akiikumbatia sahani ambayo rojo lake la kukuzia bakteria lilikuwa limeganda tangu juzi.