Mikuki ya Maharage

Mganga Shekue alipofika mjini, alikuta mikuki yote imesimikwa bustanini, maharage yameitambalia hadi nchani.

"Shikamoo, babu!" Namkunda alimlaki akicheka. "Joka limeonekana tena mlimani, lakini sisi tunalala usingizi. Si upo?"

Shekue aliitazama fimbo yake ya uganga, iliyokwisha moto. Waganga walitumwa duniani kuwatia watu ujasiri, si kuwapigania. Safari iliyopita, joka lilipokuja, hakuwa na subira ya kungoja woga uwatoke, akalifukuza peke yake kwa moto wa fimbo ile.

"Nimewakosea, mwanangu."

Aling'oa mkuki mmoja, akamkabidhi. Namkunda aliupokea kwa mikono miwili, kicheko kikamkauka. Maua meupe yalikuwa bado yameung'ang'ania.

"Unashikwa wapi, babu?"

Mlimani, moshi ulianza kupanda.