Mparachichi wa Mzee Anyosisye

Katika Chama cha Kijani cha Nyanda za Juu, kadi ya mwanachama ni mti wake: mti ukiwa hai, na yeye yu hai chamani. Ndiyo maana Mzee Anyosisye, aliyezikwa mwaka juzi, bado aliitwa mkutanoni kila mwezi.

Mkewe, Tumpale, hakulalamika. Ukame ulipobana, maji ya kuoshea vyombo aliumwagia mparachichi wa mumewe. Mpera wake mwenyewe ukasubiri.

Jana katibu wa tawi alikuja kukagua. Aliukwangua mpera kwa ukucha, akakuta umekauka, akatikisa kichwa, akakata jina la Tumpale daftarini.

“Mwanangu, si nimesimama hapa?”

Katibu aliugeukia mparachichi, akavua kofia.

“Shikamoo, mzee. Pole kwa kufiwa na mama.”