Mpenzi wa Sauti Chungu

Fundi wa majeneza hakuwa na mke tena, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na mazoea ya kusema samahani. Alikuwa na redio tu, na mwimbaji mmoja aliyempenda, mzee wa nyimbo za kinyongo aliyebandikwa jina la Sauti Chungu.

Asubuhi moja mpiga vanishi wa karakana yao aliwachambua wenzake, kila mmoja kwa muziki anaoupenda.

"Wewe wa nyimbo za harusi, hualikwi popote na hukosekani. Wewe wa kwaya, ukipewa siri haifiki jioni."

"Na mimi je?" fundi akauliza, akipiga msasa kifuniko cha jeneza.

"Mzee wangu, usinikasirikie. Nyinyi wa Sauti Chungu mnanuna mpaka maiti awaombe radhi!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Fundi naye alianza kucheka, kisha mkono wake ukasimama juu ya kifuniko. Vumbi la mbao lilikuwa limejaa kwenye mikunjo ya vidole vyake.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu binti yake, aliyetoroka na mwanamume, amwandikie: "Baba, madaktari wamekata tamaa. Naomba nije nifie nyumbani." Hakumjibu, kwa kuwa hakuombwa radhi.

Akaomba karatasi na bahasha, akaandika: "Njoo, mama. Nisamehe mimi."

Bahasha ilikuwa kuukuu, haishiki. Akaipaka gundi ya mbao, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaikimbiza posta aproni yake ikiwa bado kiunoni.