Bata wa Bwana Ankhmeru

Patasi ya shaba ilikuwa ndani ya mkate. Nubet alikuwa ameioka humo asubuhi ile, akaubeba mkate kichwani kama sadaka hadi jangwani, kwenye kaburi la Bwana Ankhmeru, msimamizi wa mabanda ya bata ya mfalme.

Hapu, mlinzi wa kaburi, aliupima kwa mkono.

"Mzito kama tofali, mama Ipi!"

"Meno ya maiti hayaumi. Nipishe."

Hapu alicheka, akaingia naye. Walikuwa majirani. Alijua Nubet hampendi marehemu, na sababu aliijua pia: bata mmoja alipotea bandani, Ankhmeru akaamuru Ipi, mwanawe Nubet aliyechunga bata, achapwe, na kijana hakuinuka tena. Sasa ukuta mzima ulimwonyesha Ankhmeru ameketi, mnene, ananawiri kwa rangi mpya, na mbele yake safu ya watumishi. Wa mwisho alikuwa Ipi, amekumbatia bata.

Nubet alimtazama yule bwana, akatema mate.

"Shika adabu," Hapu alisema. "Mwanao kapewa heshima. Nani mwingine kijijini kwetu kaandikwa jina? Lile pale, juu ya kichwa chake, kwa herufi za picha: unyasi, kigoda, unyasi. Ipi. Aliyechorwa humu hafi."

"Na huyu mnene naye hafi?"

"Hafi. Akitaka bata, analetewa. Leo, kesho, milele."

"Na fimbo yake anayo."

Hapu aliitazama fimbo ndefu mkononi mwa Ankhmeru.

"Nasikia mtu akivunjwa pua ukutani, pumzi inakatika," Nubet alisema. "Na jina likifutwa?"

"Anakwisha kabisa. Hata miungu haimwoni. Lakini wewe yaache hayo, mama Ipi! Bwana akiguswa, wanawe wataleta mafundi wamchore upya kabla jua halijazama, na mimi nitakatwa masikio."

"Basi nenda kalete maji ya sadaka, hayo masikio yako yapumzike."

Hapu alipotoka kwenda mtungini, Nubet aliupasua mkate. Akaokota jiwe. Akapiga kama anayeua nyoka. Pua. Macho. Mdomo. Vumbi la chokaa lilimjaa kinywani naye akazidi kupiga, meno ameyauma, machozi yanamtiririka, mpaka jina nalo likamwagika sakafuni vipande vipande.

Hapu alisikia. Akaangusha kata, akaja mbio.

"Umeniua, mwanamke! Umeniua!"

Aliuvamia ukuta, akaupapasa uso wa Bwana Ankhmeru kwa vidole. Pua ilikuwepo. Macho yalikuwepo. Jina lilikuwepo lote, halikuchubuka hata kidogo.

Akageuka polepole, akatazama mwisho wa safu. Juu ya bata hapakuwa na uso. Hapakuwa na unyasi wala kigoda.

Nubet alikung'uta vumbi kwenye nguo yake, akamkazia macho yule mnene ukutani.

"Haya. Sasa jibebee bata wako mwenyewe."