Neno Linalofuata Jina la Ratsimba

Ratsimba alimsukumia mkewe simu kabla hata chai haijamiminwa.

"Soma," alisema. "Soma wanavyonifanyia."

Voahirana akavaa miwani. Mumewe alikuwa ameandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, jina tu, na simu ikammalizia yenyewe: *Ratsimba mwizi wa ng'ombe*.

Huko Antsirabe, mji wa nyanda za juu za Madagaska, neno hilo halifanyiwi utani. Watu wamechomewa nyumba kwa sababu yake. Na Ratsimba hakuwa mtu wa jina la kuchezea. Alikuwa na kiwanda cha jibini, alikuwa mzee wa kanisa, na zilibaki wiki chache tu mji uchague meya, naye akiwa mgombea.

Maneno yenyewe yalianzia msibani. Mlevi mmoja, mdomo umejaa wali, aliuliza kwa sauti ng'ombe wote wale wa Ratsimba wanatoka wapi. Watu wakacheka, wakaendelea kula. Ratsimba hakucheka. Alipofika nyumbani alipekua simu kuona kama uzushi ule umesambaa, akaridhika kwamba haujasambaa. Akawa anapekua kila siku, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Na sasa ona.

Hakujiuliza mara mbili ni nani. Mpinzani wake alikuwa Rajaona, mwenye maduka ya mbolea, na Rajaona ana mtoto wa kiume, Tiana, aliyesomea kompyuta. Mambo yakajipanga yenyewe kichwani mwake. Kilichokuwa kigumu ni kwamba Tiana ndiye mchumba wa Mialy, binti yake Ratsimba, na siku ya kuleta mahari ilikuwa imeshapangwa.

Ratsimba alituma ujumbe kwamba siku hiyo haipo tena. Mialy alilia, akamwambia baba yake kwamba Tiana hata akaunti ya benki ya mama yake humshinda kufungua, ataweza vipi kuharibu simu za watu. Baba akamjibu kwamba hivyo ndivyo wajanja wanavyojifanya. Jumapili akahama benchi kanisani ili asikae nyuma ya kisogo cha Rajaona.

Watu wa kampeni walikuwa wakikutana asubuhi sebuleni kwake kwa kahawa na vitumbua. Sasa kikao kilianza kwa ukaguzi. Kila mmoja alitoa simu, akaandika jina la mzee na maneno yale ya aibu, kuona hali ikoje. Mwanzoni ilikuwa simu ya mzee peke yake. Kisha ya katibu, baadaye ya mweka hazina. Wiki haikuisha, wote walikuwa wakiinua vichwa mmoja baada ya mwingine, nyuso za kufiwa, wakisema, "Hata kwangu, mzee."

Katibu alitamka kwamba uchafuzi umefika pabaya. Akaagiza ukaguzi ufanyike pia mchana na jioni, na wake zao wasaidie majumbani. Voahirana, ambaye hakuwahi kutafuta kitu kwenye simu zaidi ya mapishi, naye akakagua. Siku ya tatu aliliona neno. Akaacha kwenda sokoni, maana alikumbuka kwamba muuza nyanya alikuwa amecheka wakati wa kumrudishia chenji.

Ikaamuliwa mzee azungumze redioni, Jumamosi saa mbili asubuhi, siku ya soko, wakati mji mzima unasikiliza. Mialy alimwomba asubiri kwanza aulizie mjini watu wanaona nini. Ratsimba alimwambia kuwa aibu iliyoko kwenye simu ya kila mtu haihitaji kuuliziwa.

Jumamosi Mialy alitoka nyumbani alfajiri, kabla ya baba yake na katibu, hakuaga.

Ratsimba alizungumza vizuri kuliko siku zote. Aliwaambia wasikilizaji kuna mkono mchafu ndani ya simu zao. Aliwataka waandike jina lake wajionee wenyewe. Alirudia kwamba yeye si mwizi wa ng'ombe, hajawahi kuwa mwizi wa ng'ombe, na baba yake pia hakuwa mwizi wa ng'ombe. Mwishoni sauti ilimkatika, na mtangazaji akamshika bega.

Alitoka nje akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Katibu akampa mkono. Mialy alikuwa amesimama langoni, viatu vimejaa matope ya sokoni.

Baba yake akamuuliza alikokuwa. Alisema ameanzia kwa wauza nyama, akaenda kwa wasusi, kwa wavuta mikokoteni, akamalizia kwa kina Rajaona. Kote aliomba simu za watu, akaandika jina la baba yake.

"Umejionea sasa," alisema Ratsimba.

"Nimeona jibini, baba. Jibini ya Ratsimba bei gani, jibini ya Ratsimba inauzwa wapi. Hata kwenye simu ya Tiana. Lile neno lilikuwa kwenye simu zetu tu, sisi tuliokuwa tunaliandika."

Ratsimba akamtazama katibu. Katibu akatazama viatu vyake.

"Basi hakuna anayelijua," Ratsimba alisema mwishowe, na uso ukaanza kumchangamka. "Mjini hakuna anayelijua."

"Mpaka saa mbili asubuhi," alisema Mialy, "hakukuwa na mtu."

Ng'ambo ya barabara, soko lote lilikuwa limenyamaza, kila mtu ameinamia simu yake. Muuza nyama mmoja akainua kichwa, akamwangalia Ratsimba kwa muda, kisha akaenda kufungua kamba ya ng'ombe wake na kumsogeza karibu yake mwenyewe.