Tuta la Sungura

Hawisa alimdaka sungura wa bwana mkubwa katikati ya njegere zake, akitafuna mstari wa mwisho.

"Mwachie, shemeji!" mlinzi wa sungura alimpigia kelele kutoka juu ya tuta, kilima cha udongo walichojengewa sungura waishi ndani. "Huyo ana mwenyewe."

"Na njegere zangu hazina mwenyewe?"

Tuta hilo ndilo lililoporomoka na kumfukia mumewe, kaka yake mlinzi, alipokuwa akiwachimbia sungura mashimo, maana baridi ya Norfolk, huko Uingereza, ilikuwa ikiwaua.

Tumbo la sungura lilikuwa na joto, na ndani yake watoto walirusha mateke.

"Ana mimba," alisema Hawisa.

"Basi mshike taratibu, jamani!" Mlinzi alishuka mbio. Siku ya kumfukua kaka yake alikwenda kwa mwendo wa kawaida.

Hawisa akamshika sungura shingoni, taratibu, kwa mikono miwili, akakaza.