Kiatu cha Popi

Nyanjige aliinama, akagonga kiatu cha mbwa kwenye ardhi ngumu. Ko. Akasogea mbele kidogo, akagonga tena. Ko. Nyuma yake mumewe, Mayige, aliifuata ile sauti kwa fimbo, macho wazi lakini hayaoni kitu.

"Leo Popi anakwenda taratibu," Mayige alisema.

"Naye anazeeka, baba Nyamizi."

Kiatu chenyewe kilikuwa kifaa cha kushikilia mguu. Bodaboda ilipomgonga Popi kwenye barabara ya Bariadi, mguu wa mbele ukawa unakunjika kila akikanyaga. Mbwa akalala, na Mayige naye akalala kitandani, maana mbwa ndiye aliyekuwa macho yake. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Ndipo bwana mifugo akaupima ule mguu, na Respicius, fundi wa katambuga za tairi, akatengeneza kiatu: kipande cha bomba la maji, mikanda ya tairi, na chini kisigino cha mti. Siku Popi aliposimama, mzee naye alisimama. Wakawa wanakwenda shamba la pamba kila asubuhi, mbwa anagonga mbele, mzee yuko nyuma.

Kisha nyoka akamuuma Popi. Mayige alikuwa amejilaza mchana ule. Nyanjige na jirani yake Eufrasia walimzika upesi nyuma ya ghala, bila mzee kujua. Kiatu tu ndicho alichokivua Nyanjige.

"Dada, sasa umegeuka mbwa!" Eufrasia alimcheka alipomkuta njiani mgongo umepinda.

"Sss! Heri niwe mbwa kuliko niwe mjane."



Mayige akitaka kumpapasa mbwa, Nyanjige alisema, "Mwache, mguu una kidonda." Mzee alikubali. Lakini alikuwa ameanza tabia mpya. Akiwa anatembea, alitoa mfukoni michembe, viazi vile vikavu alivyokuwa akimpa Popi, akawa anarusha nyuma.

"Popi yuko huku mbele. Huko unamrushia nani?"

"Ndege."

Nyanjige aliona ni uzee tu. Wakirudi, hapakuwa na kipande hata kimoja njiani.

Asubuhi moja, shamba likiwa limekaribia, kiuno kilimkaza Nyanjige akashindwa kuinuka. Akapiga magoti kwenye vumbi, kiatu amekikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Alingoja mumewe aulize kwa nini mbwa amesimama.

"Pumzika, mama Nyamizi," Mayige alisema. "Huo mgongo utakuua."

Nyanjige aligeuka. "Umejua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mbwa gani huyo anayeita Yesu na Maria kila akiinama?"

"Na hukurudi kitandani?"

"Nirudie nini?" Mzee alicheka kidogo. Akatoa kipande cha mchembe, akakidondosha nyuma ya kisigino chake, akatega sikio. "Wewe wa mbele nilikujua. Niambie huyu anayegonga nyuma yangu, yeye kiatu amekipata wapi?"